Siku ya Tatu Mpe Jembe: Maktaba na Vijana Waliohamia Kwetu

Nyinyi vijana mmebanana kule nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele, mabenchi yapo. Habari zangu za jioni hii ni za watu wanaosimama mlangoni, kwa hiyo nitafurahi nikiwaona mmekaa.

Nimeombwa niseme kuhusu maktaba na vijana waliozaliwa kwingine wakaletwa na wazazi wao katika nchi ya watu: wakimbizi, wahamiaji, watoto wa safari. Nyumba ya vitabu itawafanyaje wajione ni watu wa hapa? Mimi nimezaliwa milima hii ya Umatumbi, wilayani Kilwa, nikasomea ukutubi Bagamoyo, nikaifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Jibu nililonalo limo ndani ya methali ambayo kila mmoja wenu anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Tumezoea kuisema methali hii kwa sauti ya kumchoka mgeni. Amekula vya kutosha, sasa naye atoke jasho. Mimi naisikia vingine. Huku kwetu mtu hapewi jembe bila shamba. Ukimkabidhi jembe, umeshamkatia kipande, umeshamwonyesha mpaka wake ni ule mwembe na ule mkorosho, na msimu ukifika utamwuliza mavuno. Mpita njia tunampa maji ya kunywa na machungwa mawili ya njiani. Jembe hatumpi, kwa sababu kesho hatakuwepo. Jembe la siku ya tatu ndilo linalomtoa mtu katika ugeni. Na maktaba nyingi nilizozifahamu, pamoja na nilizozihudumia kwa mikono yangu, zinamkirimu kijana mgeni siku mbili tu. Anakaribishwa, anapewa kiti, anapewa kitabu. Siku ya tatu haifiki.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna miaka nilikuwa natunza kabati la vitabu katika kata mojawapo ya wilaya hii. Kabati la chuma, milango miwili, kufuli moja; ndani vitabu visivyofika mia tatu: vya kiada vilivyochakaa, riwaya chache, vya kilimo cha mihogo na korosho, Kurani na Biblia. Siku za gulio nililifungua tangu asubuhi. Siku moja akaja kijana wa miaka kama kumi na mitano. Baiskeli yake aliiegemeza ukutani, ina madumu mawili ya maziwa yaliyofungwa kwa mpira, na miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Hakuingia. Alisimama kizingitini akasema, "Shikamoo mama. Naomba kitabu cha kuondoka nacho."

Nikafungua daftari la waazimaji. Nilipomwuliza jina, akalitaja. Nilipomwuliza kijiji, akasita. Safu ya tatu ilikuwa ya mdhamini: mwenyekiti wa kitongoji au mwalimu aandike jina lake na kutia sahihi. Kijana yule hakumjua mwenyekiti yeyote, na mwalimu hakuwa naye kwa sababu hakuwa shuleni. Kaya yao ilikuwa imepiga kambi na ng'ombe wao mbali, nje kabisa ya kijiji. Nikamwambia, "Mwanangu, bila mdhamini huwezi kuazima." Akaitikia, "Sawa mama." Akaishika baiskeli yake akaondoka akiisukuma, madumu yanagongana.

Sikumtukana wala sikumfukuza. Nilifuata utaratibu. Lakini jioni, kabla ya kufunga kufuli, nilipekua daftari lile kutoka mwanzo. Majina yalizidi arobaini. Hapakuwa na hata jina moja la mtoto wa mfugaji, na kila gulio mimi nilikuwa nanunua maziwa yao. Safu ile ya mdhamini niliichora mwenyewe kwa rula na kalamu nyekundu. Nilidhani nalinda vitabu.

Kuna tamko la UNESCO na shirikisho la kimataifa la maktaba kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mwaka 1994 na kuhuishwa mwaka 2022. Linasema huduma hii ni ya wote bila kujali umri, rangi, jinsia, dini, uraia, lugha wala hali ya mtu. Nililisoma darasani nikalijibia mtihani. Ilinichukua miaka mingi, na kijana mmoja mwenye madumu ya maziwa, kutambua kwamba tamko zima linaweza kufutwa na safu moja ya daftari.

Watoto wale wa wafugaji walifikaje huku? Wengi wenu mnakumbuka. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu ili kuyaokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Wengi walielekezwa huku kusini, Lindi ikiwamo. Wakaja Wasukuma, wakaja Wabarbaig, wengine kwa malori, wengine wakiswaga ng'ombe kwa miguu. Wakapita Rufiji, wakaingia Kilwa. Mtoto aliyebebwa mgongoni safari ile leo ni mtu mzima mwenye kitambulisho cha kupigia kura. Hana anachokikumbuka cha Usangu. Usukumani, alikotoka babu yake, hajawahi kupaona. Na gulioni anaitwa "yule Msukuma" hata na mtu anayelijua jina lake.

Kisheria yeye si mkimbizi. Ni Mtanzania kama mimi, na ana haki ya kuishi popote nchini. Namweka pamoja na wakimbizi kwa sababu kizingiti alichosimama ni kilekile.

Na sisi Wamatumbi tungepaswa kuwa wa kwanza kukiona. Kule Dar es Salaam jina letu limefanywa neno la dhihaka. Mtu akitaka kusema fulani ni mshamba, hajastaarabika, anamwita Mmatumbi, na huyo anayesema hajui hata milima hii iko upande gani. Vijana wa mkoa huu walikwenda mjini kutembeza bidhaa mikononi wakaitwa wamachinga, jina la ndugu zetu Wamachinga wa hapahapa Lindi, na leo kila mchuuzi nchini analibeba, hata awe Mchaga. Tunajua inavyokuwa jina la kwenu likikutangulia mlangoni.

Tunajua pia kukimbia. Julai 1905, pale Nandete, wazee wetu waling'oa pamba ya Mjerumani na vita vya Majimaji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa Majimaji, alinyongwa Mohoro. Askari walipopanda milima hii watu wakaingia mapangoni. Wazee bado wanalitaja Pango la Nang'oma. Waliotoka hai waliikuta njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma vyakula makusudi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walipelekwa vijijini kuwasikiliza wazee walioviona vita vile kwa macho yao, na wanahistoria G.C.K. Gwassa na John Iliffe walichapa sehemu ya kumbukumbu za Majimaji. Kazi kubwa, na tunaishukuru. Lakini kijana wa Kibata au wa Chumo akitaka leo kusoma maneno ya mzee wa ukoo wake, inabidi ateremke mpaka barabara kuu, apande basi la Dar es Salaam, kisha ajieleze getini kwa nini anataka kuingia.

Mnaona basi. Kijana mwenyeji na kijana mhamiaji wote wawili hawajioni kwenye rafu yoyote iliyo karibu nao.

Mkoa wetu una kumbukumbu nyingine, nzuri kuliko ya kabati langu. Septemba 25, 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza, na watu kwa maelfu wakavuka Ruvuma kuja kwetu. Hapa Lindi walipewa ardhi Rutamba. Hawakuwekewa seng'enge, walipewa mashamba wakalima. Nachingwea wapiganaji wa FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo. Na Dar es Salaam, tangu mwaka 1963, kiongozi wao Eduardo Mondlane na mkewe Janet walikuwa wameanzisha Taasisi ya Msumbiji, mahali pa kusomea vijana waliokimbia kwao. Harakati yao ilikuwa na jarida, Mozambique Revolution, likitungwa na kutolewa hapohapo Dar es Salaam, likasomwa mpaka ng'ambo. Angalieni hapo. Wageni wale hawakukaa kusubiri kusomewa. Walikuwa na karatasi yao, wakaandika habari zao, na sisi wenyeji tukawa wasomaji wao.

Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta. Ndani kulikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi katika kazi yangu. Waliotaka kumwua walikaa wakajiuliza ni kitu gani mtu huyu, kiongozi wa wakimbizi, hawezi kukiacha bila kukifungua. Wakachagua kitabu. Walimjua sawasawa.

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975. Wengi wa Rutamba walirudi, wengine wakabaki, tumezaliana nao. Mwaka 2017 moto wa vita ukawaka tena Msumbiji, huko Cabo Delgado, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021 watu walikimbilia tena Ruvuma. Safari hii, kwa maelezo ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, maelfu walirudishwa walikotoka. Nalitaja kwa uchungu, kwa kuwa wako humu ndani waliolelewa kwa kusikia habari za Rutamba.

Tuondoke kusini kidogo. Kasulu, mkoani Kigoma, kuna kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Wako waliozaliwa pale ambao sasa nao wana watoto. Kiswahili wanakisema tangu kwao Kivu. Ukiongea na kijana wa pale huhitaji mkalimani. Lakini shuleni kambini amesomeshwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ili siku moja arudi katika nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Na kutoka nje ya kambi anahitaji kibali. Lugha ya nchi inayomhifadhi anayo kinywani, na bado hahesabiwi kuwa mwenyeji. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba tukimfundisha mgeni lugha basi yamekwisha, waende Kasulu.

Nilichokipenda mimi kilitokea upande wa pili wa mpaka. Mwaka 2014 shirika la Kifaransa linaloitwa Bibliothèques Sans Frontières, maana yake Maktaba Zisizo na Mipaka, lilipeleka Burundi, kwenye kambi za wakimbizi wa Kongo, maktaba iliyofungwa ndani ya masanduku. Ikifika inafunguliwa kwa muda mfupi kama kibanda cha gulio: meza, viti, rafu, vitabu, kompyuta za mkononi, michezo ya mezani, vifaa vya kuigizia. Hayo yote ni mazuri. Kinachonigusa ni kwamba ndani ya masanduku waliweka na kamera. Mwenye kuyapanga alijua kijana wa kambini ana la kuonyesha, akampa chombo cha kulionyesha. Mimi katika kabati langu sikuwa na hata kalamu ya ziada.

Turudi kwa kijana wa madumu. Ile safu ya tatu niliichora mstari mrefu juu yake, nikaifuta. Gulio lililofuata nilikwenda mwenyewe kwenye maziwa. Nilimsalimia kwa neno pekee la Kisukuma nililokuwa nalijua, "Mwangaluka." Akacheka, wenzake wakacheka, akaniitikia. Nikamwambia njoo uchukue kitabu, mdhamini ni mimi. Akaja. Akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu polepole, safu hadi safu, kisha akauliza, "Cha ng'ombe hakuna?"

Hakikuwepo. Mihogo, korosho, ufuta, mpaka ufugaji wa nyuki, lakini ng'ombe hakuna. Nikanunua daftari la kurasa tisini na sita dukani kwa jirani, nikampa na kalamu. Nikamwambia, "Basi kiandike wewe."

Alilirudisha baada ya magulio manne, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Mwandiko mkubwa wa kulazimisha, tahajia ya mtu aliyeacha shule mapema. Yalikuwamo majina ya ng'ombe kwa Kisukuma kufuatana na rangi zao, pembe zao na tabia zao, na kila jina lina maelezo kwa Kiswahili. Ng'ombe mwenye baka jeupe usoni na yule ambaye baka limeteremka mpaka shingoni, kwao wana majina mawili tofauti. Alichora alama ambazo kaya mbalimbali huwachoma ng'ombe wao ili wajulikane. Aliandika namna ya kumsaidia ng'ombe aliyevimba tumbo, na majani gani ya porini asile. Nikalibandika namba mgongoni, nikalitia kwenye daftari la hesabu kama kitabu kingine chochote, nikaliweka rafu ya pili.

Aliyekuwa wa kwanza kuliazima ni mtoto wa Kimatumbi ambaye baba yake alikuwa amenunua ndama wawili. Liliporudi nilikuta pembeni, kwenye kurasa za majani, ameandika kwa penseli majina ya miti ileile kwa Kimatumbi. Sikumwagiza. Akaja mwingine akasahihisha jina moja. Yule kijana wa madumu alipoyaona maandishi ya penseli aliyasoma amesimama, kisha akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa mle ndani.

Baada ya hapo nikampa ufunguo wa pili wa kufuli. Mwenzangu mmoja alinionya kwamba vitabu vitaibwa vyote. Kwa mwaka mzima vilipotea vinne.

Najua yupo mzee hapa ambaye moyoni anauliza: ng'ombe wameingia kwenye ufuta wangu, wamevunja michungwa yangu, nimekesha kwenye baraza la kijiji sikusikilizwa, na huyu mama ananiletea habari za madaftari? Baba, malalamiko yako ni ya haki. Maktaba haitapima mpaka wa malisho. Hiyo ni kazi ya mpango wa matumizi ya ardhi, na anayestahili kulipwa fidia alipwe. Ila fikiria miaka ishirini ijayo. Watakaokaa kwenye baraza la kijiji kuamua kesi za ufuta na ng'ombe ni hawa vijana wa leo, wako na wa mfugaji. Hivi sasa wanakutana wapi? Wanakutana shambani usiku, kila mmoja na fimbo yake. Shuleni wengi hawakai pamoja, kwa sababu mmoja anachunga. Msikitini au kanisani huenda wakatengana. Gulioni wanakutana kwa kuuziana tu. Naomba pawepo na chumba kimoja ambamo wamewahi kukaa benchi moja wakibishania jina la mti.

Na chumba hicho tunaweza kukipata. Bodi ya huduma za maktaba ilianzishwa kwa sheria mwaka 1963, tuna uhuru wa miaka miwili tu, nchi haina walimu wala barabara. Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa Desemba 9, 1967. Katika kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970 zikaenezwa maktaba za vijiji, na Kanda ya Ziwa likatolewa gazeti la wanakisomo, Elimu Haina Mwisho. Wako wazee wa Kisukuma katika wilaya hii ambao huenda walijifunza kusoma kwa gazeti lile. Maktaba nyingi za vijiji zilikufa fedha zilipokauka. Vitabu vilikuwa vinakuja kutoka juu, na siku vilipoacha kuja, kijijini hapakuwa na mtu aliyejiona ana wajibu wa kuongeza cha kwake.

Kule Oslo, Norway, katika mtaa wa Tøyen wenye familia nyingi za wahamiaji, walifungua mwaka 2016 maktaba ya watoto wa miaka kumi hadi kumi na mitano peke yao. Mzazi haingii. Ndani wameweka lori kuukuu lililogeuzwa jiko, watoto wanapika humo baada ya shule. Sisi hatuna fedha za Oslo. Ila kuwaachia vijana chumba na kuwaamini na moto, hilo halihitaji fedha za mtu. Hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika zinapatikana bure kwenye mtandao wa African Storybook, zimeruhusiwa kuchapwa na kunakiliwa; kinachotakiwa ni simu moja, printa ya ofisi, na mtu wa kushona karatasi kwa uzi. Hadithi isiyokuwepo kwa Kimatumbi au Kisukuma, vijana wetu waitafsiri wenyewe. Jumamosi moja wazee waitwe wasimulie ya Nandete na ya mapangoni, na waandishi wawe wawili wawili, mwenyeji na mhamiaji, daftari moja. Kwenye daftari la waazimaji iandikwe jina na siku ya kurudisha, basi. Na funguo zikabidhiwe vijana wawili, mmoja wao awe wa kambi za ng'ombe. Chumba, naambiwa, kipo; kina magunia ya mtu.

Yule kijana kaya yake ilihama tena, ng'ombe walifuata maji. Ufunguo aliurudisha mwenyewe, akanikabidhi mkononi. Daftari aliniachia, nami nimelileta, lipo hapa mezani ndani ya mfuko wake uleule wa nailoni. Kurasa kumi na moja za mwisho ziko wazi. Kalamu nimeiweka pembeni, na mwenyekiti ameniruhusu lizunguke kwenye mabenchi wakati nyinyi mnauliza maswali, lianzie kule nyuma, kwenye mlango.